Kitabu cha Nukta cha Mchungaji Clement Askwith

Kwa jina la Mungu Baba, aliyetutoa mbali akatukusanya mahali pamoja, na kwa neema ya Mwana wake, na kwa ushirika wa Roho Mtakatifu. Wapendwa wa Ibada ya Kiswahili ya Troyeville, wazee wenzangu, akina mama, vijana, na wageni mlioacha kazi zenu kuwa nasi leo: amani ya Bwana iwe kwenu nyote.

Jumapili hii, tarehe 23 Novemba 2025, Mchungaji Clement Askwith anastaafu baada ya kuitumikia parishi yetu kwa miaka ishirini na miwili na miezi kumi. Baraza la Wazee limemwagiza katibu wake, mwandishi wa maneno haya, aandike wasifu wa mstaafu kwa ajili ya kijitabu cha ibada. Mwandishi alisita, ingawa hakukosa la kusema. Mtu aliyemchunguza mwenzake kwa jicho la shaka kwa miaka mingi hawezi kumwandikia sifa tupu. Hana budi kuiandika na shaka yake, la sivyo wasifu huwa pambo la ukutani.

Mchungaji alizaliwa Septemba 1955 katika mji mdogo karibu na Worcester, Uingereza. Kabla ya kuwa mtumishi wa madhabahu alikuwa mchezaji wa kriketi, naye alicheza kwa ridhaa, yaani bila malipo, kuanzia mwaka 1975 hadi 1984. Hakuwa nyota, na mwenyewe hajawahi kudai hivyo. Sifa yake ilikuwa moja tu: kumtoa uwanjani ilikuwa kazi ngumu. Inasimuliwa kwamba siku moja ya Julai 1979 alisimama na gongo lake la kupigia mpira kwa saa nne nzima, akapata mikimbio, yaani alama za mchezo huo, kumi na tisa tu. Mtazamaji mmoja alilala, akaamka, akaenda nyumbani kula, akarudi, akamkuta palepale. Timu yake haikushinda, lakini haikushindwa pia. Kumbe katika mchezo huo mtu aweza kuwaokoa wenzake kwa kukataa kuondoka tu.

Mwaka 1984 aliliweka gongo chini akaingia chuo cha theolojia. Alipewa ushemasi mwaka 1987 na ukasisi mwaka uliofuata, akahudumu katika parishi za kwao kwa miaka kumi na mitano. Januari 2003 akaja Johannesburg.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mwingereza, asiye na mke, asiye na biashara, anatafuta nini katika mtaa wetu wa Troyeville? Ndani ya miaka miwili alikuwa akihubiri kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wengi kwa pamoja: salamu za Dar es Salaam, maombi ya Bukavu, na mwishoni neno moja la mitaa ya hapa. Wengine walifurahi. Sisi tuliotoka Kivu hatukufurahi upesi. Historia yetu imetufundisha kwamba mgeni akiikimbilia lugha yako, ni busara kutazama mkono wake wa pili umeshika nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 2004 ililetwa habari kwenye Baraza kwamba kila Jumamosi Mchungaji hutoka nyumbani amevaa nguo nyeupe kuanzia shingoni hadi viatuni, na mkononi ana mfuko mrefu. Kila anayeishi mji huu anawafahamu ndugu zetu wa makanisa ya nyikani, wanaovaa kanzu nyeupe, hushika fimbo, na kusali vilimani na kwenye viwanja vya wazi. Baraza likahitimisha kwamba mchungaji wetu amejiunga nao kwa siri. Mwandishi alitumwa kumfuatilia.

Alimfuata kwa miguu hadi kwenye uwanja wa Bezuidenhout Valley, akaketi nyuma ya uzio. Aliwaona wanaume waliovaa nyeupe wametawanyika juu ya majani, kimya, kila mmoja peke yake. Baada ya muda mfupi mmoja wao alitoa sauti, wote wakahama, wakasimama tena kimya. Katikati walikuwa wazee wawili wenye kofia, ambao kila jambo lilisubiri ishara ya mikono yao. Mwandishi aliketi saa tatu akingoja mahubiri. Taarifa yake bado imo katika faili la Baraza, nayo inasema: "Hawaimbi wala hawapigi ngoma. Wanapokezana zamu ya kusimama. Saa kumi wote walikunywa chai." Mchungaji alipoonyeshwa taarifa hiyo aliisoma mara mbili, akasema hajawahi kuona kriketi ikielezwa kwa usahihi namna hiyo.

Tulicheka, na shaka ikapungua. Mwaka 2008, mitaa ilipowaka kwa chuki dhidi ya wageni na watu wetu wakafukuzwa nyumbani mwao, aliufungua ukumbi wa kanisa, na familia thelathini na mbili zikakaa humo wiki tatu. Asubuhi aliwapikia uji mwenyewe. Uji ule ulikuwa na mabonge, nao ulinywewa wote. Alianzisha shule ya Jumapili kwa ajili ya watoto wetu wanaosikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Kila Jumanne alisafiri hadi ofisi ya wakimbizi huko Pretoria kupanga foleni pamoja na waumini, kwa sababu, alisema, kusimama ni kazi aliyoizoea tangu ujana. Akina mama walimtafutia mchumba mara nne, naye mara zote nne aliwashukuru kwa adabu akabaki kama alivyo.

Hata hivyo shaka haikufa. Ilikaa kimya, na mwaka 2022 ikaamka.

Majira ya baridi ya mwaka ule hofu ilirudi mitaani. Watu walisimamishwa njiani waonyeshe makaratasi. Jumapili tarehe 3 Julai, Mama Murielle, anayetunza vitambaa vya madhabahu, alifungua kabati la sakristia akakuta kitabu kipana chenye jalada la kijani. Ndani yaliandikwa majina ya watu wetu, kila jina na mstari wake. Mbele ya kila jina palikuwa na visanduku vidogo, na katika kila kisanduku nukta sita za penseli. Hapa na pale, badala ya nukta, ilikuwamo tarakimu. Murielle alimtafuta mwandishi mara moja.

"Mzee, ametuandika," alisema. "Wote. Na wasio na makaratasi ndio aliowajaza nukta. Mama Célestine ana kurasa tatu nzima."

Célestine ni mshonaji, mjane kutoka Uvira, ambaye wakati ule aliishi mtaa wa Bertrams. Ombi lake la hifadhi lilikuwa halijajibiwa kwa miaka sita.

Mtu mwenye haki angekwenda kwa Mchungaji na kuuliza. Mwandishi hakwenda. Alikitazama kile kitabu, akaona nukta sita katika kila kisanduku, akajiambia: siku sita za juma; huyu anahesabu nani yupo na nani hayupo, na ziko ofisi zitakazoishukuru kazi yake. Jioni ile ile alikwenda kwa Célestine akamwambia asifike tena kanisani, abadilishe namba ya simu, na ahame. Alimtafutia mwenyewe chumba mtaa wa Kensington, nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, karibu na roboti ya pili, yaani taa za barabarani. Kisha akawaendea wengine. Kabla Julai haijaisha familia kumi na moja zilikuwa zimeacha kuja.

Mchungaji aliona viti vitupu. Alipita nyumba kwa nyumba akagonga, na milango haikufunguliwa.

Jumatatu tarehe 1 Agosti ililetwa barua kwa anwani ya parishi. Célestine alikuwa ameitwa kwa mahojiano ya mwisho, Alhamisi tarehe 11. Asipofika, ombi lake lingefungwa, na mtu ambaye ombi lake limefungwa hurudishwa alikotoka. Siku kumi, na Mchungaji hakujua yuko wapi. Alikwenda Bertrams akaambiwa amehama. Alipiga simu, namba haikupatikana. Jumatano alimsimamisha mwandishi mlangoni mwa kanisa.

"Mzee Placide, unajua Célestine yuko wapi?"

"Mungu anajua," mwandishi alijibu.

Jibu lilikuwa la kweli, nalo lilikuwa uongo. Mchungaji alimtazama kidogo, akainamisha kichwa, akaenda zake. Naye mwandishi akazidi kushuku: mbona anamtaka yule mama kwa haraka hivi?

Kesho yake alikitoa kitabu kabatini, akakificha ndani ya koti, akaenda nacho Newtown kwa Naseeb, Mtanzania anayeuza mabegi sokoni. Naseeb ni Mwislamu na mtu wa mzaha. Alikulia Dar es Salaam, naye ndiye Mswahili pekee tuliyemsikia akizungumza habari za kriketi kama mtu aliyeicheza. Mwandishi alikwenda kwake kwa kuwa juu ya jalada palikuwa na picha ya gongo, akaona ni busara kuanza na alama iliyo wazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nisomee hiki, wala usimwambie mtu."

Naseeb alifungua ukurasa mmoja akaachia kicheko. "Ala! Mzee, umenirudisha utotoni. Hiki ni kitabu cha alama za kriketi. Kila kisanduku ni ova moja, mipira sita. Nukta ni mpira uliorushwa usizae kitu. Tarakimu ni mikimbio."

"Haya ni majina ya waumini wetu. Hawachezi."

"Hilo usiniulize mimi. Lakini huyu Célestine ni nani? Mipira mia saba na zaidi, mikimbio minne, na hajatoka! Mama wa chuma huyu." Alifunua ukurasa mwingine. "Eish, Mzee! Kumbe na wewe umo. Mipira sawasawa na yake, na una sifuri. Sifuri tupu! Unacheza au umelala?"

Mwandishi hakucheka. Alikuwa hajaliona jina lake.

"Polisi huandika hivi?" aliuliza.

"Polisi? Mzee wangu, polisi gani atakayekaa kumwandikia mtu yale ambayo hayakutokea?"

Neno lile lilimfuata njiani, lakini halikumtosha. Mtu hushuku kwa mazoea kama anavyotembea, na miguu haisimami mara moja. Alikishika kitabu siku nne. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alimwona Mchungaji akipita na barua katika mfuko wa koti, kila siku ikiwa imekunjika zaidi.

Jumatatu tarehe 8 aliingia sakristia kukirudisha, akidhani hamna mtu. Mchungaji alikuwa ameketi mezani. Mbele yake palikuwa na karatasi ya nyimbo iliyogeuzwa, na nyuma yake alikuwa ameandika majina yetu kwa kumbukumbu, na mbele ya kila jina nukta za siku zilizokosekana. Mwandishi akaweka kitabu mezani. Mchungaji akasema "Asante," akachukua gundi, akaibandika ile karatasi kitabuni mahali pake, wala hakuuliza kitabu kilikuwa wapi.

"Nukta hizi ni za nini?" mwandishi aliuliza.

"Kila asubuhi namwombea kila mtu jambo moja, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili tunaomba sote. Jibu likija naandika tarakimu. Lisipokuja naweka nukta." Alisugua macho. "Kwenye kriketi mpira usioleta kitu nao huandikwa, Mzee. Ulirushwa. Mtu alisimama akaupokea. Si haki kuuacha."

Mwandishi hakuuliza ni jambo gani alilokuwa akimwombea yeye.

Ndipo Mchungaji akatoa barua mfukoni. "Hii ni ya Célestine. Asipofika Alhamisi, ombi linafungwa. Sikuulizi aliko. Mpe tu."

"Umejuaje kwamba mimi naweza kumpata?"

"Nimesema sikuulizi, Mzee."

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya wanawake na maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Mwandishi alisimama njiani akaisoma barua mara nne, akaigeuza, akaiinua kwenye jua, akitafuta mtego. Hakuuona. Alikwenda hadi Kensington. Célestine alikuwa kwenye cherehani, hakuinuka.

"Papa Placide. Mwezi uliopita ulisema huyu mzungu ataniuza. Ameacha kuuza?"

"Mama, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu Julai! Nani alisema ni mtego? Ni wewe. Nani anasema leo si mtego? Ni wewe tena. Sasa nimwamini Placide gani?"

Mwandishi amefundisha katekisimu miaka arobaini, na swali lile halimo humo. Alisema: "Usimwamini hata mmoja. Twende pamoja Alhamisi. Ikiwa ni mtego, na mimi nitakuwa ndani yake."

Célestine alikata uzi kwa meno. "Eeh. Sasa umesema kitu."

Alhamisi tulisimama watatu katika foleni ya Pretoria tangu alfajiri. Mwandishi anakiri kwamba hata pale aliichunga mikono ya Mchungaji. Kila simu yake ilipolia alisogea karibu asikie. Simu ya kwanza ilikuwa ya fundi wa mabati ya paa la kanisa, ya pili ya dada yake kutoka Uingereza. Saa tano Célestine aliitwa ndani. Saa nane alitoka akiwa ameshika karatasi ya kusubiri majibu. Mchungaji, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, hakuwa ameketi hata mara moja. Machi 2023 jibu likaja: amekubaliwa. Kitambaa cha madhabahu mnachokiona mbele yenu leo ni kazi ya mikono yake.

Familia nyingine sita zilirudi polepole. Nne hazijarudi hadi leo.

Hapa mwandishi aombe ruhusa ya kuacha kujiita mwandishi. Mimi, Placide Byamungu, ndiye niliyezifukuza. Kwa miaka mitatu watu wamesema ni hofu ya mitaani iliyozitawanya familia zile, na mimi nimewaacha waseme hivyo, nikaketi katika Baraza nikihesabu waliopo. Mchungaji, uliligonga kila lango kuwatafuta watu niliowaficha mimi, kisha ukaniomba msaada nami nikalitumia jina la Mungu kukufungia mlango. Nakuomba msamaha mbele ya kusanyiko hili, kwa maandishi, ili nisiweze kukana. Barua yangu ya kuacha ukatibu iko mezani pa Baraza tangu jana.

Nina shaka moja iliyobaki, wala sitaki iniondoke: nashuku kwamba ulijua. Nashuku ulijua tangu ile Jumatano mlangoni, na kwamba uliinamisha kichwa ili nisione kwamba umejua, na ukanipa barua ili niwe mimi wa kuipeleka. Kama ni hivyo, basi ulinilinda na aibu kwa miaka mitatu, na uvumilivu huo ni mkubwa kuliko ule wa saa nne wa mwaka 1979.

Kwenu msomao. Familia ya Baba François, familia ya Mama Orpha, familia ya Cédric na mama yake, na wale ndugu wawili kutoka mji wa Baraka waliokuwa wakiimba besi. Ikiwa kati yenu yupo anayejua waliko, asiniambie. Sina haki ya kujua. Awapelekee karatasi hii tu, na awaambie kwamba kitabu kile kilikuwa cha maombi, kwamba aliyesema vingine alikosea, na kwamba jina la aliyekosea limeandikwa hapa.

Mchungaji Clement, unakwenda kwa dada yako Worcester ukiwa na afya, na mkoba wako ni mwepesi, maana akina mama wameupekua wakahakikisha. Tunakushukuru kwa miaka ishirini na miwili ya kusimama nasi. Bwana akupe asubuhi tulivu, uwanja wenye majani, na watu wa kunywa nao chai saa kumi. Tunakutakia maisha mema.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aibariki nyumba yako, walio ndani na walio njiani kurudi. Akujalie mlango usioogopa kugongwa, na ulimi unaouliza kabla ya kuhukumu. Amina.

Mzee Placide Byamungu
Ibada ya Kiswahili, Troyeville